Mashine Haijakataa Linux

Pita kwenye vibanda vya mafundi kompyuta kando ya barabara ya Musoma, pale Igoma, Mwanza, useme unataka kuwekewa mfumo endeshi wa Linux. Utajibiwa kabla hujamaliza: "Hii mashine haikubali Linux, bosi. Tulishajaribu nyingine kama hii, ikaganda kwenye flashi. Ngoja nikupigie Windows." Mteja anakubali, anapigiwa Windows ya kuiba, anapanda daladala ya Kisesa akiamini kompyuta yake ina kasoro ya kuzaliwa nayo.

"Mashine haikubali" ni kauli ya mtu aliyeishiwa subira, lakini kwa kuwa imetoka kinywani mwa fundi, inapokewa kama majibu ya vipimo. Siku hizi hata wanafunzi wa vyuo wanairudia, wengine hawajawahi kuchomeka flashi ya Linux maishani mwao. Naipinga, na sitaipinga kwa upole.

Itazame hiyo laptopu wakati inaganda. Umechomeka flashi, umebonyeza F9 kama ni HP, au F12 kama ni Dell au Lenovo. Menyu ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, imetokea, umechagua mstari wa kwanza, nembo imewaka, kisha kimya: skrini nyeusi, kibodi haijibu. Sasa hesabu yaliyokwisha kufanyika. Mashine imeisoma flashi, imepakia kerneli, yaani kiini cha Linux, kwenye RAM na imeanza kuiendesha. Hayo yote ni kukubali! Iliyokwama ni hatua moja ya mbele, na mara nyingi ni pale kerneli inapotaka kuitawala skrini yenyewe. Kwenye laptopu zenye kadi ya picha ya Nvidia, kazi hiyo hufanywa na draiva inayoitwa nouveau. Walioiandika walilazimika kuichunguza kadi kwa nje na kubahatisha, maana kwa miaka mingi kampuni haikutaka kueleza kadi zake zinafanyaje kazi. Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, alikasirishwa na jambo hilo hadi mwaka 2012 akainyooshea Nvidia kidole cha matusi mbele ya kamera. Kampuni ilianza kulegeza kamba mwaka 2022. Kwa hiyo ugomvi upo, lakini ni wa draiva na kadi. Laptopu yako haimo.

Na tiba yake? Kwenye menyu ya GRUB, kabla ya kubonyeza Enter, bonyeza herufi e. Yatatokea maandishi machache. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda hadi penye quiet splash, ongeza nomodeset, halafu bonyeza F10. Basi. Neno hilo linaiambia kerneli iiache skrini kama ilivyoikuta. Ukishamaliza kusakinisha unalirudia mara moja mashine inapowaka, kisha unaweka draiva halisi ya Nvidia na kulisahau. Na kwa asiyependa kuandika, watengenezaji wamemrahisishia: menyu ya flashi ya Ubuntu, toleo mojawapo la Linux, ina mstari wa "safe graphics", ya Linux Mint ina "compatibility mode". Kushuka mstari mmoja kwa mshale kunamshindaje mtu anayejiita fundi?

Hapo hapo kuna maneno mawili ninayoyachukia, hayo hayo quiet splash. Kazi yao ni kuficha taarifa zote nyuma ya nembo nzuri. Yafute, uone mistari ikipita kama mvua. Mstari wa mwisho ndio unaoonyesha safari imekomea wapi. Fundi wa bodaboda wa pale pale Igoma hawezi kukwambia pikipiki yako "haikubali petroli" kabla hajafungua plagi akaikagua. Wa kompyuta anatoa hukumu hiyo bila kusoma hata mstari mmoja, na tunamlipa.

Halafu kuna flashi zenyewe. Tunanunua flashi ya bei ya kutupa, imeandikwa GB 64, ndani ina GB 4 na kidude kinachoidanganya kompyuta. Unaiandikia faili la Ubuntu la GB 5 na ushee, inapokea kila kitu bila kulalamika, kisha kusoma kukianza vipande vinakosekana. Mashine inaganda, Linux inalaumiwa. Programu ya F3 itaipima flashi na kukwambia ukubwa wake wa kweli. Faili nalo lipimwe kabla ya kuandikwa: kwenye Windows ni certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, unalinganisha na namba iliyotolewa na wenyewe. Kwa intaneti yetu ya bando, faili kukatika katikati si jambo la ajabu. Wakati mwingine hata hakuna kilichoganda: flashi ni ya zamani, inasoma polepole, taa yake bado inapepesa, na mtu ameshazima umeme.

Sisemi kila mashine itatii. RAM mbovu itagandisha chochote, na Memtest86+ itaionyesha. Laptopu ndogo za Celeron za kizazi cha Bay Trail ziliwatesa watu miaka mingi kwa sababu prosesa ilikuwa ikilala isiamke. Nazo zilipata dawa yao, inayoandikwa pale pale panapoandikwa nomodeset: intel_idle.max_cstate=1. Na anayefanyia hesabu za duka kwenye programu ya Windows tu, abaki kwenye Windows, hakuna dhambi.

Lakini tuseme ukweli kuhusu sababu ya imani hii kudumu. Kupiga Windows ni kazi ambayo fundi anaijua akiwa amefumba macho. Programu ya kuvunjia kufuli la leseni inamtaka azime kinga ya virusi, anaizima, na mteja anarudi baada ya muda na virusi na pesa nyingine. Linux ingemtaka asome kidogo kisha ingempunguzia wateja wa aina hiyo.

Wengine hujitetea kwamba Linux ni ya wasomi wa ng'ambo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Miaka zaidi ya ishirini imepita. Na simu ya Android anayoichezea fundi huku akikwambia Linux haifai inaendeshwa na kerneli ya Linux.

Haya yote yangekuwa mabishano ya kijiweni kama si tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 rasmi inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa za Intel inazozikubali karibu zote ni za kizazi cha nane kwenda mbele. EliteBook 840 G3 na ThinkPad T460, mitumba inayopendwa sana huku kwetu, ni za kizazi cha sita. Zimeachwa nje. Na kichekesho ni kwamba nyingi ya hizo hutumia kadi ya picha ya Intel yenyewe, ambayo Linux huipokea bila kelele wala nomodeset. Mashine zinazoambiwa "hazikubali" ndizo zinazofaa kuliko zote.

Kwa hiyo, ndugu fundi, mteja akikuletea laptopu anataka Linux na ikaganda, futa quiet splash, weka nomodeset, jaribu flashi nyingine. Ikishindikana, mpe mstari wa mwisho uliouona kwenye skrini. Kama huna mstari huo, usimtoze hela ya uchunguzi.