Mufti wa Baraza na Kocha wa Everton
Safu ya Kahawa Chungu, na Salim Mwinyihaji

Juma hili, baada ya sala ya isha, nilikuwa nimeketi barazani nikiingoja kahawa ya pili, alipotokea yule bwana ambaye wasomaji wa safu hii wamekwisha mzoea kwa lakabu ya Mufti, kwa kuwa hapana mas'ala ya kandanda, yawe ya Uingereza au ya kiwanja cha mchanga kilicho nyuma ya nyumba yake, asiyoyatolea fatwa kabla muulizaji hajafunga kinywa. Salamu hakutoa. Alipitisha mkono wake mbele ya kifua changu, akaitwaa finjani niliyokuwa nikimiminiwa mimi, akaipuliza, akanena: "Afukuzwe!"

Wa kufukuzwa, ikabainika, ni kocha mmoja huko Uingereza, kiungo mashuhuri wa zamani, ambaye jarima yake ni kufungwa mechi tatu mfululizo. Na watu wazima wenye wajukuu, ambao hawajapata kukanyaga Liverpool wala London, wakaitikia kama walio katika maulidi, afukuzwe, afukuzwe, hata muuza kahawa, ambaye siku zote huwa upande wa anayelipa, akagonganisha finjani zake kuafiki.

Mimi ghadhabu zangu ziko karibu, lakini nilijizuia, nikamwuliza kwa taadhima: "Mufti, Howard Kendall wamjua?" Akafikiri kitambo. Kijana mmoja akapapasa simu yake, akatangaza kuwa bwana huyo alifariki mwaka 2015. "Basi," akasema Mufti, "Jumamosi hatatufaa kitu."

Kendall huyu, asiyetufaa kitu Jumamosi, alicheza fainali ya Kombe la FA pale Wembley mwaka 1964, akiwa na Preston na umri wake haujatimia miaka 18. Kisha akahamia Everton, na pamoja na Alan Ball na Colin Harvey wakaitawala sehemu ya kati ya uwanja hata mwaka 1970 ubingwa wa Uingereza ukakosa njia nyingine ya kupita. Na juu ya hayo yote, jezi ya timu kubwa ya taifa hakuivaa hata mara moja, jambo ambalo mimi hulihesabu miongoni mwa dhuluma za karne iliyopita, na ambalo mhariri wangu amenikataza kulirudia.

Mwaka 1981 alirejea Everton kuwa meneja, na ilipofika mwisho wa 1983 timu ilikuwa hoi: viti vya Goodison Park vitupu, vikaratasi vya kutaka aondoke vikigawanywa, na mlango wa banda la gari nyumbani kwake umepakwa rangi kwa madai yayo hayo. Wakina Mufti walikuwako huko nao, tele, na fatwa yao ilikuwa moja. Aliyekosekana ni msikilizaji, kwa maana Philip Carter, mwenyekiti wa klabu, hakumfukuza. Januari 1984, Everton wakiwa nyuma kwa bao moja mbele ya Oxford, timu ya daraja la tatu, Kevin Brock wa Oxford akamrudishia mlinda mlango wake pasi iliyopungua nguvu, Adrian Heath akainasa njiani, akasawazisha. Mei hiyo wakatwaa Kombe la FA. Mwaka 1985 wakachukua ligi na Kombe la Washindi la Ulaya, walipowalaza Rapid Vienna mabao 3 kwa 1 mjini Rotterdam. Na mwaka 1987 ligi tena.

"Bahati," akasema Mufti. "Ni ile pasi ya Brock."

Hapo ndipo nilipoghadhibika hasa. Ndiyo pasi ya Brock iliyomwona Neville Southall huko Bury? Ndiyo iliyomnunua Peter Reid kutoka Bolton kwa pauni 60,000, wakati wengine walikuwa wakiyahesabu majeraha yake? Fahari ile ilitokana na mambo mawili tu, ilimu ya meneja na uziwi wa mwenyekiti, na ugonjwa wa klabu za leo ni kwamba wenye mali wana masikio mepesi mno. Frank Lampard, kiungo mwingine, alikikalia kiti kile kile cha Goodison Januari 2022, na mwaka haukumtimilia.

Sasa niseme ambalo barazani sikulisema, kwa kuwa hatimaye kahawa alinilipia yeye. Mufti ni mweka hazina wa klabu ya mtaa wetu tangu vijana wanaoichezea hawajazaliwa. Klabu haijapata kupanda daraja. Nyavu za goli zimechakaa hata mbuzi hupenya. Na hesabu za fedha, ambazo kila mwaka huahidiwa kuwa zitasomwa baada ya Ramadhani, bila ya kutajwa ni Ramadhani ipi, hapana mwanachama aliyepata kuzitia machoni. Kwake yeye mechi tatu si kitu. Mkutano wa wanachama ni Jumapili ijayo alasiri. Vikaratasi nimekwisha vipiga chapa, na rangi ya mlango wake ningali naulizia bei.