Viti vya wazee wetu vioshwe

Ndugu Mhariri,

Kuna jambo ambalo sisi wenye wazee makazini tunaliona na kulinyamazia. Kwenye makazi ya wazee anakolelewa mjomba wangu, kiti mwendo ni cha wote. Cha kuogea ni cha wote. Hata kile chenye tundu, kinachowekewa ndoo chini kwa asiyeweza kufika chooni, nacho ni cha wote. Mzee mmoja akiinuliwa, mwingine anakalishwa papo hapo. Kikipanguswa, basi ni kwa kitambaa kikavu.

Wahudumu siwalaumu. Ni wachache, na kutwa nzima wanabeba, wanaogesha na kulisha. Nilipouliza kuosha viti ni kazi ya nani, kila mmoja alinielekeza kwa mwenzake, wala hakuna aliyenidanganya: kazi hiyo haijapangiwa mtu. Hapo ndipo ninapoulaumu uongozi.

Ngozi ya mzee ni nyepesi, huchubuka kwa kusuguana na ukingo wa kiti tu. Mdudu wa upele anaweza kuishi siku mbili tatu nje ya mwili wa mtu. Virusi vya homa ya ini aina ya B hudumu siku 7 au zaidi katika damu iliyokauka. Kwa hiyo hata kifaa cha kutobolea kidole wakati wa kupima sukari hakichangiwi, sindano ibadilishwe isibadilishwe. Na kuhara, ambako kijana hukumaliza kwa siku chache, kunaweza kumuua mzee.

Kinga ya haya yote haihitaji mfadhili. Kiti kioshwe kwanza kwa maji na sabuni, kwa sababu klorini hupungua nguvu penye uchafu. Kisha kipakwe klorini, yaani Jik ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sita za maji, kiachwe dakika 10, kisuuzwe ili chuma kisipate kutu. Mkongojo uandikwe jina la mwenyewe. Anayeharisha atengewe kiti chake cha choo.

Kila Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, wageni huleta mchele na mafuta, tunashukuru sana. Safari hii leteni pia brashi, glovu na viti vya choo vya ziada.

Uongozi nao ubandike mlangoni mwa bafu karatasi ya kila siku: kiti gani kimeoshwa, saa ngapi, na nani. Sisi ndugu tukija kutembelea, tuisome.

Msomaji wako,
Mpwa wa mkazi