Barua Moja, Kompyuta Mbili

Nyumba nyingi siku hizi hazina tena kompyuta moja tu. Baba anayo ya kazini, watoto wanayo ya nyumbani, na simu ya mkononi nayo ni kompyuta. Barua pepe za mtu mmoja husomwa kwa vyombo vitatu, na hapo ndipo matata yazukapo: barua iliyosomwa huku yaonekana mpya kule, na iliyoonekana jana nyumbani leo kazini haipo.

Sisi wenyewe yalitupata. Kijana mmoja wa jamaa zetu aliomba nafasi ya masomo, akaandika anwani yetu kwa kuwa hakuwa na yake. Jibu likaja, likitaka hati zake zifike katika muda wa siku saba. Wakati huo tulikuwa safarini, na kompyuta ya nyumbani tulikuwa tumeiacha inawaka. Kila asubuhi tulifungua kompyuta mpakato tuliyosafiri nayo, tusione kitu. Tuliporejea tukaikuta barua imelala katika ile ya nyumbani, na siku saba zimekwisha. Kijana hakutulaumu hata kwa neno moja, nasi kwa hilo tukazidi kuona haya.

Hapana mwizi aliyeiiba barua ile. Kosa lilikuwa letu, kwani hatukuijua njia tuliyokuwa tukiitumia. Barua pepe hutunzwa katika seva, yaani kompyuta kubwa iliyo mbali, na njia za kuzifikia zinazotumika sana ni mbili.

Ya kwanza ni POP, iliyotangazwa mwaka 1984. Mfano wake ni mtu aendaye posta, akafungua sanduku, akazichukua barua zote akaenda nazo kwake. Akija mwenziwe mwenye ufunguo wa pili, hulikuta sanduku tupu. Kweli, programu nyingi zaweza kuamriwa ziache nakala katika seva; lakini hata hivyo kompyuta hii haitajua ile imesoma nini wala imejibu nini.

Ya pili ni IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Kwa njia hii barua zenyewe hukaa katika seva, na kila chombo ni kama dirisha la chumba kimoja. Ukiisoma barua kwa simu, kompyuta nayo huionyesha kuwa imesomwa. Ukiitia katika folda, huonekana humo kwa vyombo vyote.

Basi twawausia mambo matatu. Kwanza, vyombo vyote viwekwe katika IMAP, pasibakie hata kimoja chenye POP. Kwani hicho kimoja chaweza kuzichukua barua zikawapotea wengine wote. Pili, barua za zamani zilizokwisha kuchukuliwa kwa POP zimo katika kompyuta ile peke yake. Zinakiliwe kwanza katika folda za IMAP, zipande kwenye seva, ndipo ile akaunti ya zamani iondolewe. Tatu, wala msisahau hili: kulinganisha barua si kuweka akiba. Mtoto akifuta barua kwa simu, imefutika na katika kompyuta. Kwa hiyo barua za shule, za hospitali na za shamba zinakiliwe mahali pengine pia, kama katika diski ya nje ikaayo kabatini.

Nanyi vijana, kila mmoja wenu ajipatie anwani yake mwenyewe, asitegemee ya mjomba. Barua ya mtu ni amana, na anayekubali kuipokea kwa niaba ya mwenziwe hana budi kujua itaangukia wapi. Sisi tulilijua hilo siku ya nane.