Makofi si Ujira

Ni nadra kumpata mtoto wa Kenya aliyecheza mpira wa matambara asiyepata kusikia neno "Kadenge na mpira!" Neno hilo lilivuma redioni kwa sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, likaingia katika usemi wa watu wote. Mwenye jina alikuwa Joe Kadenge, mzaliwa wa nchi iliyokuwa ikitawaliwa kutoka Kakamega na ambayo leo imo katika kaunti ya Vihiga. Alikuwa mshambuliaji hodari wa Abaluhya United, timu iliyoundwa mwaka 1964 na ambayo sasa ni AFC Leopards, tena aliichezea timu ya taifa.

Umri wa kucheza ulipokwisha, shujaa huyu alishika usukani wa teksi mjini Nairobi. Uderevu ni kazi ya halali, wala hauna fedheha. Fedheha ni yetu sisi tuliomwita hazina ya taifa, kisha tukamwacha azeeke kama mtu asiyetudai kitu. Alipougua kiharusi tulimkumbuka. Alipofariki tarehe 7 Julai, 2019, tulimlilia kwa sauti kuu. Lakini sifa za matangani hazimfai aliyezikosa haki zake akiwa hai.

Nasikia watu wakisema, "Mchezo ni mchezo, mtu hucheza kwa mapenzi." Hoja hii ni tamu mdomoni mwa asiyecheza. Maelfu waliokuja kumtazama Kadenge walilipa kiingilio langoni, na fedha zile hazikuruka angani kama moshi. Mkata tikiti alipata, mwuza njugu alipata, mwenye uwanja alipata. Kwa nini mapenzi yadaiwe kwa yule mmoja tu aliyetoka jasho, na ambaye bila yeye wengine wote wasingepata senti?

Wengine husema, "Angaliweka akiba." Ni kweli kwamba akiba haiozi, lakini mchezaji wa zama zile hakuwa na mshahara wa mpira wa kuwekea akiba hiyo. Kumlaumu asiyelipwa kwa kutoweka akiba ni kumlaumu mwenye shamba la mawe kwa kutojaza ghala.

Tusidhani kwamba kwingine haki ilishuka kama mvua. Uingereza iliruhusu wachezaji kulipwa mwaka 1885, lakini baadaye wakuu wa mpira waliweka kikomo cha ujira. Hata kufikia mwaka 1961 mchezaji bora kabisa hakuruhusiwa kupata zaidi ya paundi 20 kwa wiki. Wachezaji waliungana katika chama chao, wakiongozwa na Jimmy Hill, wakatishia kugoma, na Januari mwaka huo kikomo kikavunjwa. Punde si punde Johnny Haynes akalipwa paundi 100 kwa wiki. Hawakuonewa huruma; walidai, wakapewa.

Ninyi wanafunzi mnaosoma maneno haya, huenda baadhi yenu mmeshangiliwa katika uwanja wa Bukhungu, au mnatamani kuvaa fulana ya Shule ya Kakamega, iliyolea wachezaji wengi. Chezeni kwa moyo wote. Lakini msiache vitabu kwa ajili ya vigelegele, maana goti moja likivunjika vigelegele huhamia kwa mwingine. Atakayewaita katika timu yake, mwombeni mkataba ulioandikwa, usomeni mpaka mstari wa mwisho, na mwulizeni ni nani atakayelipa daktari mkiumia.

Na wale kati yenu ambao hamtacheza, bali mtaketi katika kamati na kuhesabu fedha za langoni, siku hiyo mkumbukeni dereva mzee wa teksi. Kabla ya kugawa chochote, mlipeni kwanza aliyecheza. Makofi mtampigia baadaye.