Moshi wa jaa waumiza vifua na kuongeza joto duniani

AKINA mama kutoka Dandora na Korogocho huniletea watoto wanaokohoa mwezi baada ya mwezi. Huwaandikia dawa, mtoto hupata nafuu, kisha hurudi nyumbani kwenye moshi ule ule wa jaa la takataka. Baada ya wiki chache huwa wamerejea kwangu.

Jaa la Dandora limetumiwa tangu miaka ya 1970, na mwaka wa 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Hata hivyo, malori yangali yanamwaga taka huko kila siku. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni vitu vinavyooza kama vile maganda ya viazi, masalio ya sukuma wiki na ugali uliolala.

Vitu hivyo vikifunikwa na taka nyingine, mahali pasipo na hewa, bakteria huviozesha na kutoa gesi iitwayo methani. Gesi hii hushika moto kwa urahisi, na hiyo ni sababu moja ya jaa kufuka moshi usiku na mchana. Ile isiyoungua hupanda angani. Katika muda wa miaka 20, huzuia joto zaidi ya mara 80 ikilinganishwa na kipimo sawa cha kabonidayoksaidi, gesi itokayo kwenye magari na viwanda.

Joto likizidi, hewa hubeba unyevu mwingi na mvua hunyesha kwa kupindukia. Mafuriko ya mwaka wa 2024 yaliua zaidi ya watu 250 nchini, wakiwemo wakazi wa Mathare. Vyoo vinapofurika, kipindupindu hakiko mbali.

Wapo wanaosema Kenya haina hatia, kwani gesi tunazotoa hazifiki hata asilimia moja ya zile za dunia nzima. Ni kweli, na mataifa tajiri yapaswa kubeba mzigo mkubwa zaidi. Lakini hoja hiyo haimsaidii mtoto mwenye pumu. Tukipunguza taka zinazooza jaani, atakayenufaika kwanza ni yeye.

Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka wa 2022 yataka taka zinazooza zitenganishwe na zile kavu. Wengi wetu tungali tunazitia zote katika mfuko mmoja. Msomaji, weka ndoo mbili jikoni. Maganda yanaweza kuwa mbolea au chakula cha mifugo. Nayo serikali ya kaunti ihakikishe malori hayachanganyi tena kile ambacho mwananchi amekitenga, la sivyo atakata tamaa.

Kinga ni bora kuliko tiba. Dawa ninayoandika hutuliza kikohozi, lakini haiwezi kuuzima moto wa jaani.