AFYA YA JAMAA: Mgongo ukiuma, nyumba nzima inasimama

Mwezi huu tunazungumza juu ya mgongo, sababu kilio chake kinasikika karibu kila nyumba. Mama hawezi kuinama kuosha vyombo, baba anageukageuka usiku kucha juu ya mkeka, na asubuhi hakuna wa kwenda bombani. Wala siyo sisi peke yetu: Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini.

Unauma kwa nini?

Uti wa mgongo ni pingili, yaani mifupa midogo iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Katikati yake kuna vipande laini vya kupokea uzito, na misuli inashikilia yote, kama kamba zinavyoshikilia nguzo. Misuli ikichoka au ikivutika vibaya, inakaza na kuuma. Mara nyingi ni hiyo tu. Pengine kipande laini kinasogea na kubana mshipa wa fahamu. Hapo maumivu yanashuka takoni na mguuni mpaka kwenye unyayo.

Wengine wakiumwa mgongo wanasema moja kwa moja, "Ni figo." Lakini figo ikiugua, mara nyingi inauma ubavuni, tena pamoja na homa au mkojo unaochoma. Wengine wanasema wamerogwa, wanauza mgao wa chakula ili wamlipe mganga, na watoto wanalala njaa. Jamani, tuhesabu mizigo kwanza! Bidoni ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20. Jamaa ya watu sita, kila mtu akitumia lita 20 kwa siku, ni bidoni sita, yaani kilo 120, na kesho tena vilevile. Ongeza kuni, ongeza mtoto mgongoni, ongeza kibarua cha kulima. Mawazo mengi na kukosa usingizi pia vinazidisha maumivu, na maumivu hayo siyo ya kujisingizia.

Tufanye nini nyumbani?

1. Usilale kitandani siku nyingi. Pumzika kidogo, kisha amka, fanya kazi nyepesi. Mgongo usiotembea unazidi kukaza. Wengi wanapata nafuu ndani ya wiki chache.

2. Tia joto. Chovya kitambaa katika maji ya moto, kamua, weka mgongoni kwa dakika 15 hivi. Jaribu kwanza kwa mkono usije ukajiunguza.

3. Tembea bila mzigo. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 huko Australia ulionyesha kwamba watu waliofundishwa kutembea kila mara walikaa karibu mara mbili ya muda wa wenzao kabla mgongo haujarudi kuuma.

4. Nyoosha mgongo. Lala chali, vuta goti moja polepole kuelekea kifuani, hesabu mpaka 10, halafu lingine. Ukisikia maumivu makali, acha.

5. Inua vizuri. Sogea karibu na mzigo, kunja magoti, ushikilie karibu na mwili, usijipindue ukiwa umeubeba. Bidoni nusu kwa safari mbili ni afadhali kuliko moja inayokuvunja.

6. Usichomwe sindano wala kununua vidonge kwa watu wanaopitapita. Dawa za maumivu kama ibuprofeni zinaweza kumdhuru mjamzito na mwenye vidonda vya tumbo. Uliza zahanati kwanza.

Tena tuseme wazi, wababa na vijana: maji na kuni siyo kazi ya wamama na wasichana peke yao. Mama akilalamika mgongo, usimwite mvivu. Chukua bidoni uende. Hiyo ni dawa isiyouzwa dukani.

Nenda hospitali haraka, usingoje kesho, ukiona haya:

- miguu inakosa nguvu, au kuna ganzi sehemu za siri;
- mkojo unakataa kutoka, au mkojo au choo vinatoka vyenyewe;
- maumivu yameanza baada ya kuanguka au kupigwa;
- mgongo unauma pamoja na homa;
- mjamzito anaumwa kiuno kwa kuja na kuachia kabla ya miezi kutimia.

Na kama maumivu hayaishi, unakonda, unatoka jasho usiku, au pingili imetokeza nje, nenda ukapimwe. Kifua kikuu kinaweza kuingia hata kwenye mifupa ya mgongo, hata kama hukohoi. Dawa zake zipo na zinaponyesha, lakini ukichelewa unaweza kupooza. Mtoto mdogo akilia mgongo, naye apelekwe.

Ndugu zetu, tumefika hapa tukiwa tumebeba mengi. Mgongo hauna spea. Tuutunze, na tusaidiane mizigo. Mpaka mwezi ujao, tuwe na afya njema.