Jicho la Angani na Lugha ya Shamba

Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo katika nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha siku yake ya uhuru, setilaiti hiyo ikaitwa Uhuru. Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya nayo ilirusha setilaiti yake ya kuitazama dunia, safari hii kutoka California, ikaitwa Taifa-1. Miongoni mwa kazi zake ni kupiga picha za mashamba. Majina ya Kiswahili, basi, yalikwisha kuzoea anga. Linalotia shaka ni kama habari zitokazo huko angani zinashuka na lugha inayoeleweka Kwa Vonza.

Elimu yenyewe si ya kubezwa. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao jicho la binadamu haliuoni. Jani lenye kiu hurudisha vingine. Kutokana na tofauti hiyo wataalamu hukokotoa kipimo cha ukijani, kisha hukilinganisha na cha majira yayo hayo katika miaka iliyotangulia. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hukitumia kila mwezi katika kaunti 23 kame, Kitui na Makueni zikiwemo. Kipimo kikishuka chini ya 35, ukame umeingia. Chini ya 20, umekuwa mkali. Chini ya 10, umepindukia. Katika Ukambani, ambako mkulima hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba, ukijani unaokosekana mwezi wa Novemba ni habari ya mavuno ya Februari. Anayeipata mapema huuza mbuzi angali na bei. Anayechelewa huuza mifupa.

Hata hivyo, jicho hilo lina upofu wake. Picha ambazo kila doa lake ni mraba wa mita 250 hukusanya zaidi ya hekta sita pamoja: mtama wa huyu, mbaazi za yule, kunde zilizotambaa chini ya mahindi, na migunga ya mpakani. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, huona hadi mita 10, na hayo ni maendeleo makubwa. Lakini mvua iliyochelewa yaweza kuotesha nyasi na kuchipuza vichaka ilhali mahindi yalikwisha kunyauka kabla ya kubeba. Kutoka juu, nchi ni kijani. Jikoni, sufuria ni tupu. Hapo hapana budi mkulima aulizwe, na kuuliza kunahitaji lugha.

Taarifa hizo za kila mwezi huandikwa kwa Kiingereza, licha ya kuwa Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kuitaka dola ikuze lugha za kienyeji pia. Tuchukue hatua mbili zinazotangulia dharura, Alert na Alarm. Mtafsiri mwenye pupa ataziita zote mbili “tahadhari”, na kwa neno moja ataua tofauti kati ya kupunguza mifugo na kuomba chakula. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kuyapanga maneno kwa daraja: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Kwa hiyo msamiati haukosekani. Kinachokosekana ni mtu wa kuuweka kazini.

Wapo watakaosema kuwa istilahi ni kazi ya wanasayansi, na kwamba mkulima hahitaji kipimo bali mbegu. Hoja hiyo inawadharau Wakamba, ambao wameziweka njaa zao katika majina kwa zaidi ya karne moja: Ngomanisye ya mwishoni mwa karne ya 19, au Nikwa Ngwete ya miaka ya 1980, njaa ya kufa ukiwa umeshika pesa mkononi kwa kuwa hakuna cha kununua. Jina la pili lina uchambuzi wa soko ndani yake, nalo lilitungwa na walaji, si na wizara.

Aidha, mnamo Januari 2025 mtandao wa Marekani wa kutabiri njaa, FEWS NET, ulioanzishwa mwaka 1985, ulizimwa ghafla misaada iliposimamishwa huko Washington. Ujuzi ulioazimwa una mwenyewe.

Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko papo hapo Kwa Vonza, na wanafunzi wa kilimo hupishana njiani na wale wanaoandaliwa kufundisha Kiswahili. Karatasi moja kwa mwezi, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kikamba, ikasomwe redioni na kubandikwa sokoni kabla ya mbegu kununuliwa, haihitaji setilaiti nyingine. Inahitaji makundi hayo mawili yakae meza moja, na mvua za Oktoba hazitangoji kamati.